Damu Inayopita Kando ya Vali

Mwaka 2012 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya miaka miwili ya utafiti uitwao PARTNER, na msomaji aliyeishia kwenye mistari ya juu alipata habari njema. Wagonjwa 699, wastani wa umri wao ukiwa miaka 84, wote wakiwa na vali ya aota iliyokaza na afya dhaifu iliyofanya upasuaji uwe hatari kubwa kwao, waligawanywa kwa kura. Nusu walifunguliwa kifua na kushonewa vali mpya. Nusu waliwekewa vali iliyokunjwa ikawa nyembamba, ikapitishwa kwa katheta, yaani mrija mwembamba, hadi moyoni, wengi wao kupitia mshipa wa kinena, kisha ikatanuliwa kwa puto. Baada ya miaka miwili walikuwa wamefariki asilimia 33.9 ya waliotibiwa kwa katheta na asilimia 35.0 ya waliopasuliwa. Njia isiyokata mfupa wa kifua ilikuwa imeifikia ile iliyotumika kwa nusu karne.

Ndani ya ripoti hiyo hiyo kulikuwa na habari nyingine. Watafiti walipowatazama peke yao wagonjwa wa katheta ambao damu ilionekana ikirudi nyuma kwa kupita kando ya vali mpya, waliona kwamba hatari yao ya kufa ilikuwa zaidi ya mara mbili ya wale ambao vali yao ilikaa bila kuvuja. Uvujaji ulivyozidi, vifo navyo vilizidi. Kilichowashtua wengi ni kwamba hata uvujaji mdogo, ule ambao daktari angeuandika kwenye faili na kuendelea na mgonjwa mwingine, uliambatana na vifo vya baadaye.

Vali zenyewe hazikuwa na kasoro. Tando zake zilifunguka na kujifunga sawasawa. Tatizo lilikuwa nje yake, katika upenyo mdogo kati ya chuma cha vali na ukuta wa moyo. Naamini historia ya tiba hii inaeleweka vizuri zaidi mtu akiutazama upenyo huo kuliko akitazama shangwe zake, na kwamba wapo watu wengi walio hai leo kwa sababu madaktari kadhaa walikubali kuuhesabu hadharani wakati tiba yao wenyewe ilikuwa ikishangiliwa.

Vali ya aota hukaa pale damu inapotoka chemba ya kushoto ya moyo na kuingia kwenye aota, mshipa mkuu unaoipeleka mwilini kote. Kwa kawaida ina tando tatu nyembamba ambazo, zikifunguka, huacha nafasi ya sentimita za mraba 3 hadi 4. Kwa baadhi ya watu wanaozeeka, chokaa hujikusanya kwenye tando hizo mwaka baada ya mwaka hadi zinakuwa ngumu na hazifunguki vizuri. Nafasi ikishuka chini ya sentimita moja ya mraba, hali huhesabiwa kuwa mbaya. Moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu nyingi mno, na kama ilivyo kwa msuli wowote unaobebeshwa mzigo mzito kila siku, ukuta wa chemba ya kushoto hunenepa na kukakamaa.

Mgonjwa anaweza kukaa miaka mingi bila kujua. Kisha anaanza kuishiwa pumzi akipanda ngazi, kifua kinambana, au anazimia ghafla akitoka msikitini au sokoni. Familia nyingi husema ni uzee, na hapo muda hupotea. Vidonge vya kupunguza maji mwilini humpa nafuu, lakini hakuna kidonge kinachoyeyusha chokaa ile. Tawi jingine la utafiti wa PARTNER, lililochapishwa mwaka 2010, liliwahusu wagonjwa 358 ambao madaktari wa upasuaji walisema hawawezi kabisa kuwapasua. Kati ya wale walioendelea na matibabu ya kawaida, asilimia 50.7 walikuwa wamefariki ndani ya mwaka mmoja. Kati ya waliowekewa vali kwa katheta walifariki asilimia 30.7. Katika tiba ya moyo si mara nyingi matibabu huokoa mgonjwa mmoja katika kila watano kwa mwaka mmoja, na ndiyo maana mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu vali hiyo mwishoni mwa 2011, ingawa tayari ilijulikana kwamba huvuja.

Wazo la kupitisha vali ndani ya mshipa halikupokelewa vizuri lilipozaliwa. Februari 1989, Henning Rud Andersen, daktari kijana kutoka Aarhus nchini Denmark, alikuwa Arizona akimsikiliza Julio Palmaz akieleza stenti, ule mrija wa wavu wa chuma unaotanua mishipa ya moyo iliyoziba. Andersen akajiuliza kwa nini stenti isiwe kubwa zaidi na isibebe vali ndani yake. Aliporudi nyumbani alinunua waya dukani, akapata mioyo ya nguruwe kwa mchinjaji, akaanza kusokota na kushona. Tarehe 1 Mei mwaka huo huo aliweka vali ya kwanza ya namna hiyo ndani ya nguruwe hai. Majarida yaliikataa taarifa yake, na ilichapishwa mwaka 1992 tu.

Kule Rouen, kaskazini mwa Ufaransa, daktari Alain Cribier alikuwa ameingia katika tatizo hilo hilo kwa njia nyingine. Mwaka 1985 alikuwa wa kwanza kuitanua kwa puto vali ya aota iliyokaza ya mgonjwa mzee. Wagonjwa walipata nafuu ya haraka, lakini ndani ya mwaka mmoja wengi wao vali zilikuwa zimekaza tena. Cribier alihitaji kitu kitakachobaki pale na kuizuia ile chokaa isirudi ndani. Kampuni kubwa zilimwambia haiwezekani: vali ingechomoka na kurushwa kwenye aota, au ingeziba midomo ya mishipa inayoulisha moyo wenyewe, ambayo iko jirani kabisa. Kampuni ndogo aliyoianzisha na wenzake, ikisaidiwa na wahandisi wa Israel, ndiyo iliyotengeneza kifaa kilichotumika.

Tarehe 16 Aprili 2002 aliletwa mwanamume wa miaka 57 ambaye moyo wake ulikuwa umeshindwa kabisa, shinikizo la damu liko chini, na madaktari wa upasuaji wamekataa kumgusa. Mishipa ya miguu yake ilikuwa imeziba, kwa hiyo Cribier hakuweza kupita njia fupi. Alipitia mshipa unaorudisha damu moyoni, akatoboa ukuta unaotenganisha upande wa kulia na wa kushoto, akazunguka ndani ya moyo hadi akaifikia vali ya aota kutoka chini. Vali ilikaa. Shinikizo la damu likapanda na mgonjwa akapata uhai mpya palepale. Mguu wake, uliokuwa mgonjwa tangu mwanzo, haukupona. Ulikatwa baadaye, na alifariki wiki 17 baada ya matibabu akiwa na vali ambayo bado ilikuwa ikifanya kazi. Cribier mwenyewe aliendelea na kazi hiyo na kuiona ikienea duniani kote kabla ya kufariki Februari 2024 akiwa na miaka 79.

Sasa tuje kwenye uvujaji wenyewe, maana hapa ndipo tofauti kati ya njia hizi mbili inapoonekana waziwazi. Daktari wa upasuaji hukata vali ya zamani na kuitoa, husafisha chokaa yote, hupima tundu kwa vipimo vinavyoingia mkononi, kisha hushona pete ya vali mpya kwa nyuzi kuizunguka yote. Daktari wa katheta hatoi kitu. Vali ya zamani inabaki mle ndani, imesukumwa pembeni pamoja na mabonge yake ya chokaa, na vali mpya inashikiliwa na msuguano peke yake. Bonge moja gumu likisimama kati ya chuma na ukuta, chuma hakigusi ukuta sehemu hiyo. Kila moyo unapolegea kujaza damu, damu iliyokwisha kutoka hurudi kwa kupitia hapo, na moyo hufanya hivyo takriban mara 100,000 kwa siku.

Kuna sababu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyogharimu maisha ya watu wengi kabla ya kueleweka. Miaka ya mwanzo madaktari walipima upana wa tundu kwa kipimo cha eko, mawimbi ya sauti yanayotoa picha bapa. Picha hiyo hukata tundu kwa mstari mmoja na kukupa kipenyo kimoja, na daktari huchukulia kwamba tundu ni duara. Tundu la vali ya aota kwa watu wengi ni la umbo la yai. Mara nyingi eko ilikuwa inaupima upande wake mfupi, na kwa sababu hiyo wagonjwa walikuwa wakipewa vali ndogo kuliko walivyohitaji. Fundi aliyewahi kutia fremu mpya ya dirisha katika nyumba ya zamani ya udongo analijua tatizo hili: fremu ni nyoofu, tundu la ukutani limejipinda, na upepo unaingia pembeni hata kama kioo ni kizima. Zaidi ya hapo, saizi zilikuwa chache. Vali za mwanzo za Cribier zilikuwa na kipenyo kimoja cha milimita 23, na hata wale kati ya wagonjwa 699 wa utafiti wa PARTNER walioangukia katheta walikuwa na saizi mbili tu za kuchaguliwa, milimita 23 na 26. Mwenye tundu kubwa au lisilo la kawaida alipewa iliyokaribia.

Lakini kwa nini uvujaji ambao hauonekani kwa macho umuue mtu? Swali hili lilisumbua, kwa sababu wapo watu wanaoishi miaka 20 na vali inayovuja na wanalima. Jibu liko katika ule ukuta ulionenepa. Mtu ambaye vali yake inavuja polepole kwa miaka mingi, chemba ya moyo wake hutanuka kidogo kidogo na kuipokea damu inayorudi. Mzee aliyekuwa na vali iliyokaza ana chemba ndogo, nene, ngumu, isiyotanuka. Asubuhi anaingia chumba cha katheta akiwa na tatizo la damu kutoka kwa shida. Mchana anatoka akiwa na tatizo jipya, damu kurudi, na moyo wake haujapewa hata siku moja ya kujiandaa. Kiasi kidogo kikiingia katika chemba isiyotanuka, shinikizo la ndani hupanda sana, na shinikizo hilo hurudi hadi kwenye mapafu. Wakati huohuo shinikizo la chini katika aota hushuka, na mishipa inayoulisha moyo hutegemea shinikizo hilo kupata damu yake. Moyo unaongezewa kazi huku ukipunguziwa chakula. Wagonjwa ambao vali zao za zamani tayari zilikuwa zikivuja kabla ya matibabu wameonekana kuvumilia uvujaji mpya vizuri zaidi, na hilo linaafikiana na maelezo haya.

Madaktari wa Bonn, Ujerumani, walilipa jambo hili hesabu rahisi mwaka 2012. Unachukua shinikizo la chini la aota, unatoa shinikizo lililomo ndani ya chemba ya kushoto mwishoni mwa kujaa, unagawanya kwa shinikizo la juu, unazidisha kwa 100. Mgonjwa mwenye 120 juu, 60 chini, na 12 ndani ya chemba anapata 40. Mgonjwa mwenye 120 juu, 40 chini, na 25 ndani anapata 12.5. Walioshuka chini ya 25 walifariki asilimia 46.0 ndani ya mwaka mmoja. Wengine walifariki asilimia 16.7. Nilivutiwa na hesabu hii kwa sababu haihitaji mashine mpya wala jicho la mtaalamu wa picha. Namba zote tatu ziko kwenye skrini tayari, wakati mgonjwa bado amelala mezani na jambo fulani bado linaweza kufanyika.

Na jicho la mtaalamu si jambo dogo hapa. Damu inayovuja kando ya vali haipiti katikati kama mkondo mmoja. Hupita pembeni, vimkondo viwili au vitatu vyembamba vilivyopinda, mara vingine vimefichwa na kivuli cha chuma chenyewe kwenye picha. Wataalamu walikubaliana kutazama vali kwa mkato wa mviringo na kukadiria ni sehemu gani ya duara inavuja: chini ya asilimia 10 ni uvujaji mdogo, kuanzia 10 hadi 29 ni wa kati, 30 na kuendelea ni mkubwa. Watu wawili wenye ujuzi wakitazama picha ile ile wanaweza kutofautiana, na tofauti kati ya mdogo na wa kati inaweza kuwa tofauti kati ya mgonjwa anayerudishwa wodini na mgonjwa anayetanuliwa tena kwa puto. Ndiyo maana picha za PARTNER zilisomwa na maabara moja ya nje na hazikuachwa kwa hospitali iliyomtibu mgonjwa.

Matokeo ya miaka mitano ya wagonjwa wale wale yalitoka mwaka 2015. Uvujaji wa kati au mkubwa ulikuwa kwa asilimia 14 ya waliowekewa vali kwa katheta na asilimia 1 ya waliopasuliwa. Katika kundi la katheta, asilimia 72.4 ya wenye uvujaji huo walikuwa wamefariki, ikilinganishwa na asilimia 56.6 ya wenye uvujaji mdogo au wasiokuwa nao kabisa. Hawa ni watu waliokuwa na miaka 84 wakianza, kwa hiyo vifo vingi vilitarajiwa. Ila pengo la karibu asilimia 16 kati ya watu wa umri mmoja na ugonjwa mmoja haliwezi kupuuzwa.

Wapo waliosema uvujaji ni dalili tu: wenye chokaa nyingi huvuja zaidi, na wenye chokaa nyingi ndio wagonjwa zaidi, basi wangekufa hata vali ikikaa vizuri. Hoja hiyo ina uzito kwa uvujaji mdogo. Vali za kizazi kilichofuata zilipochunguzwa, taarifa ya mwaka 2017 ikihusu zaidi ya wagonjwa 1,500, uvujaji mdogo haukuonekana kuongeza vifo katika mwaka wa kwanza, lakini uvujaji wa kati na kuendelea ulikuwa bado unaambatana na hatari zaidi ya mara mbili. Kwa uvujaji wa kati na mkubwa sioni nafasi ya kubishana. Vifo vinaongezeka kadiri damu inavyoongezeka kurudi, njia ambayo madhara yanatokea inaeleweka, na shinikizo lililopimwa papo hapo linatabiri nani atakufa.

Baada ya 2012 kazi ilibadilika. Kipimo cha CT scan, kinachoonyesha tundu lote kwa pande zake zote na kila bonge la chokaa lilipo, kikawa sharti kabla ya kuchagua vali. Saizi zikaongezeka, vali ya SAPIEN 3 ilikuja na saizi nne, kutoka milimita 20 hadi 29, na kitambaa laini kilichoshonwa kuzunguka upande wa nje wa chini ili kijaze vinafasi vilivyobaki. Vali nyingine, zile zinazojitanua zenyewe kwa aina ya chuma kinachokumbuka umbo lake, zilitengenezwa kwa namna ambayo daktari anaweza kuzirudisha ndani ya mrija na kuzipanga upya kabla hajaziachia moja kwa moja.

Kila suluhisho lilikuja na hatari yake. Njia ya haraka ya kuzuia damu ni kuingiza puto tena na kuitanua vali zaidi. Mara nyingi inafanya kazi. Lakini ukuta wenye chokaa ukisukumwa kupita kiasi unaweza kupasuka, na tundu la aota likipasuka mgonjwa hufa ndani ya dakika chache kama upasuaji wa dharura haukuwahi. Hutokea kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya 100 au pungufu, na daktari anayeshika puto analijua hilo. Vali iliyobana sana chini hugandamiza pia njia ya umeme wa moyo inayopita jirani, na mgonjwa huishia kuwekewa betri ya kurekebisha mapigo. Kuchagua vali kubwa kidogo kuliko tundu, na kukubali kwamba ubananaji ni lazima lakini una mpaka, ni uamuzi ambao hakuna kanuni inayoweza kumfanyia daktari kikamilifu. Pale uvujaji unapogunduliwa baadaye, kuna vizibo vidogo vya waya wa kusokotwa vinavyoweza kupitishwa kwa katheta na kuachwa ndani ya upenyo, au vali ya pili kuwekwa ndani ya ile ya kwanza.

Ugunduzi ninaoupenda kuliko yote ulitoka Lille, Ufaransa, mwaka 2016, katika timu ya Eric Van Belle. Damu yetu ina protini ndefu iitwayo von Willebrand inayosaidia kuziba vidonda. Ikipita mahali penye msukosuko mkali, kama penye vali iliyokaza au inayovuja, minyororo yake mirefu hukatikakatika. Ndiyo sababu moja ya baadhi ya wazee wenye vali iliyokaza kutokwa damu tumboni. Timu ya Lille iliwafuatilia wagonjwa 183 na kuona kwamba vali mpya ikikaa bila kuvuja, minyororo mirefu hurudi ndani ya dakika. Vali ikivuja, hairudi. Kipimo kidogo cha damu kinachofanyika kando ya kitanda, kinachopima muda wa damu kuganda kwenye kitundu, kilitosha: muda ukizidi sekunde 180, kuna uwezekano mkubwa kwamba damu inarudi, ukiwa chini yake, daktari ana hakika ya karibu asilimia 99 kwamba hakuna uvujaji wa maana. Pale ambapo macho mawili yanabishana juu ya picha, damu ya mgonjwa yenyewe inatoa ushahidi.

Ilipofika 2019, utafiti wa PARTNER 3 uliwachukua wagonjwa 1,000 ambao upasuaji haukuwa hatari kubwa kwao, wastani wa miaka 73. Uvujaji wa kati au mkubwa ulikuwa umekaribia kutoweka, chini ya asilimia moja kwa vali za katheta. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa, kupata kiharusi au kulazwa tena walikuwa asilimia 8.5 upande wa katheta na 15.1 upande wa upasuaji. Ni mafanikio makubwa, na yametokana na miaka ya kuhangaika na upenyo ule. Hata hivyo uvujaji mdogo bado ulionekana kwa karibu asilimia 30 ya vali za katheta, na kwa asilimia 2 tu ya zile za kushonwa. Kwa mzee wa miaka 84 tofauti hiyo inaweza isiwe na maana. Kwa mtu wa miaka 65 anayetarajia kuishi na vali hiyo miaka 20, sidhani kama tumekwisha kuruhusiwa kusema haina maana. Wagonjwa wa PARTNER 3 waliandikishwa kati ya 2016 na 2017 na mpango ni kuwafuatilia kwa miaka 10. Kwenye miaka mitano, makundi mawili yalikuwa yamekaribiana.

Kwetu Afrika Mashariki vali nyingi zinazoharibika haziharibiwi na chokaa ya uzee. Zinaharibiwa na homa ya rumatiki, inayoanza utotoni kwa mafindofindo yasiyotibiwa. Utafiti uitwao REMEDY, uliowahusisha wagonjwa 3,343 wa nchi 12 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda, pamoja na India na Yemen, ulikuta nusu ya wagonjwa wakiwa na miaka 28 au chini ya hapo, na asilimia 16.9 walifariki ndani ya miaka miwili. Wodi za Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili zinawajua vijana hawa. Vali ya katheta iliyobuniwa kwa ajili ya wazee wa Ulaya na Marekani haiwafai kirahisi: vali ya rumatiki mara nyingi ni laini, haina chokaa ya kutosha kushika chuma, na inavuja badala ya kukaza, kwa hiyo kifaa kinaweza kuteleza au kuacha upenyo mkubwa zaidi. Bei nayo ni kikwazo, kwani Marekani vali moja peke yake imekuwa ikiuzwa kwa takriban dola 30,000. Huko Cape Town, Peter Zilla na wenzake wamekuwa wakitengeneza vali na mfumo wa kuiweka kwa kuwalenga hasa wagonjwa wa rumatiki, wenye umri mdogo, katika hospitali zisizo na mitambo ya gharama kubwa. Naona hiyo ni kazi muhimu kuliko saizi nyingine mpya ya vali kwa soko la Marekani.

Wapo pia wazee wetu wenye vali ya chokaa ambao familia zimewachangia wakatibiwa nje, wakarudi na bahasha ya karatasi na diski. Kwenye ripoti ya eko iliyofanyika baada ya vali kuwekwa kuna mstari unaoeleza kama damu inavuja kando ya vali, na kwa kiwango gani. Ni haki ya mgonjwa kuulizia mstari huo kabla hajapanda ndege: kama ni mdogo, wa kati au hakuna, na nani alisoma picha. Eko hurudiwa baada ya siku kama 30, kisha kila mwaka, na daktari wa hapa nyumbani anahitaji ile picha ya kwanza ili aweze kulinganisha. Pumzi ikianza kukata tena miezi sita baadaye, miguu ikivimba, au mkojo ukiwa mwekundu kwa sababu chembe za damu zinasagwa zikipita kwa kasi kwenye upenyo, familia isikubali kuambiwa ni uzee tena. Diski iende na mgonjwa hospitali.